Kruzi ya kwanza na watoto: usiku 4 au usiku 7? Naomba waliosafiri wanishauri

#1 MamaWatatu
Habari za jioni wana jukwaa. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi ulioingia wiki ya tatu sasa nyumbani kwangu.

Tunataka kuwapandisha watoto meli ya kitalii kwa mara ya kwanza. Wakubwa wana miaka 9 na 5, mdogo atakuwa na miezi 10 siku ya kupanda. Mama mkwe naye yumo, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Mimi nimechagua kruzi ya usiku 4 kutoka Piraeus, inayozunguka visiwa vya Ugiriki na kugusa Kusadasi upande wa Uturuki. Mume wangu kang'ang'ania usiku 7 kutoka Barcelona: Palma, Marseille, Livorno, Civitavecchia, Naples, na siku moja ya baharini tupu.

Hoja yangu ni moja. Hatujui kama watoto wataiweza bahari. Mambo yakiwa magumu, usiku 4 utavumilika. Saba ukiwa na mtoto mchanga ndani ya kebini ndogo, utakimbilia wapi? Nimekosea?

#2 NangaJuu
Hujakosea hata kidogo. Anza na fupi, mkiipenda mwakani mnaongeza. Sisi tulifanya hivyo na hatukujuta.

#3 MzeeWaSitaha
Mimi napinga, dada. Kruzi inahesabiwa kwa usiku, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Usiku 4 maana yake ni siku 3 kamili tu. Siku ya kwanza mnapanda mchana, mnapanga foleni, mabegi yanafika kebini jioni, katikati kuna zoezi la dharura. Siku ya mwisho saa 3 asubuhi mko nje, na usiku wa kuamkia siku hiyo mabegi mmeshayaweka koridoni, mmebaki na nguo za kulalia na mswaki.

Hasara hiyo ya kupanda na kushuka haipungui safari ikiwa fupi. Kwenye usiku 7 unaitoa ukabaki na siku 6. Kwenye usiku 4 unabaki na 3. Kwenye usiku 3 ni siku 2, na hapo kwa watu wenye watoto naona ni kujisumbua tu.

#4 Kipepeo
Mzee #3 kasema kweli. Sisi tulikwenda usiku 3. Mtoto alipojua lifti ipi inakwenda kwenye chakula, tukaambiwa tushuke.

#5 MamaWatatu
Asante Mzee. Lakini ratiba yangu siku ya kwanza hiyo hiyo jioni tunashuka Mykonos. Kwa hiyo siku ya kwanza haipotei yote.

#6 MzeeWaSitaha
Haipotei kwa mtu mzima. Mtoto wa miezi 10 aliyeamshwa alfajiri kwa ajili ya ndege, akapangishwa foleni mchana, unamshusha Mykonos saa 1 usiku? Utashuka wewe, mwenzako atabaki kebini gizani anabembeleza.

#7 Zuhura_M
Mwangalie na gharama. Usigawe nauli ya meli peke yake kwa idadi ya usiku. Chukua nauli, ongeza ndege, hoteli ya usiku wa kabla na teksi za bandarini, ndipo ugawe. Ndege ni ile ile mkilala 4 au 7. Mkitoka mbali, usiku mmoja wa kruzi fupi unaweza kuwa ghali kuliko wa kruzi ndefu.

Tena mko sita. Kwa kawaida abiria wawili wa kwanza wa kebini wanalipa kamili, wa tatu na wa nne wanalipa pungufu. Sita hamwezi kuenea kebini ya kawaida, mtachukua mbili. Ombeni zenye mlango wa ndani unaoziunganisha. Na msidhani mtoto mchanga hahesabiwi. Hata yeye ni kichwa kimoja kwenye hesabu ya mashua za uokoaji, ndiyo maana meli inaweza kukataa mtoto wa ziada hata kama kitanda kipo.

#8 Msafiri88
Nakubali kiasi, Zuhura. Umesahau upande wa pili: kuna vitu vinakua kila siku. Bakshishi ya wahudumu inakatwa kwa kila kichwa kwa kila siku, na meli nyingi zinawahesabu watoto pia baada ya umri fulani. Intaneti nayo inauzwa kwa siku. Soda, picha, michezo ya kulipia. Usiku 7 mara watu sita, andika kwenye karatasi kabla ya kuamua.

Halafu kingine: safari fupi wanapewa meli zilizochoka. Mpya zote zinakwenda usiku 7.

#9 Kuli_wa_Zamani
Msafiri88, hilo la mwisho lilikuwa kweli zamani. Meli ya Disney Wish ilianza 2022 na kazi yake ikawa usiku 3 na 4 kutoka Port Canaveral. Utopia of the Seas ilianza Julai 2024, ni kati ya meli kubwa kabisa duniani, nayo ikapangiwa usiku 3 na 4 hapo hapo. Icon of the Seas ndiyo iliyoanzia usiku 7 kutoka Miami, Januari 2024.

#10 Msafiri88
Nimekubali Kuli, sikujua hiyo ya Utopia. Lakini hizo ni za Florida. Ukitoka nje ya Florida bado utakuta fupi nyingi zinafanywa na meli za zamani na ndogo.

#11 Kuli_wa_Zamani
Udogo si ubaya. Visiwa vya Ugiriki vina gati fupi, meli ndogo inasogea pale kubwa isipofika. Na Icon ina urefu wa kama mita 365. Mama mkwe wa miaka 68 mwenye magoti, kebini iwe omo (mbele ya meli) na chakula kiwe tezi (nyuma), kila mlo ni safari.

#12 BahariaMstaafu
Nimefanya kazi melini miaka mingi, upande wa sitaha. Niwaeleze kwa nini safari fupi zinafanana.

Meli ya abiria inatembea kama noti 20. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo ni kama kilomita 37 kwa saa. Ikitoka saa 12 jioni na kufika saa 12 asubuhi, imekata kama kilomita 440. Inaweza kwenda kasi zaidi, lakini mafuta yanapanda kuliko kasi inavyopanda, na hakuna kampuni inayopenda hilo. Sasa, ukiwa na usiku 3 au 4 na lazima urudi ulikotoka, unabaki kuzunguka karibu. Ndiyo maana fupi za Florida zinakwenda Nassau na visiwa vya jirani vya Bahamas kila wiki, na fupi za Los Angeles zinakwenda Ensenada.

Ugiriki ni hadithi tofauti. Visiwa vimekaribiana, kwa hiyo meli inaweza kugusa bandari mbili kwa siku moja. Dada MamaWatatu, fungua ratiba yako. Nadhani utakuta asubuhi Kusadasi, jioni Patmos. Siku nyingine asubuhi Heraklion, jioni Santorini. Sivyo?

#13 MamaWatatu
Ndivyo hivyo hivyo, umeisoma kama unaiona!

#14 BahariaMstaafu
Basi safari yako fupi ndiyo yenye kazi nyingi kuliko ya mumeo. Bandari mbili kwa siku ni kuvaa viatu mara mbili, kupaka watoto mafuta ya jua mara mbili, kupita ukaguzi mara mbili. Na Santorini meli haifungi gati. Inasimama nje, mnashushwa kwa boti ndogo, kisha mji wa Fira uko juu, mnapanda kwa gari la kebo au ngazi karibu 600. Kigari cha mtoto na magoti ya bibi, hapo fikiri vizuri.

#15 Kipepeo
Kuna punda pia pale Santorini.

#16 NangaJuu
Kipepeo, mama mkwe juu ya punda? Unataka ndoa ya watu ivunjike! Hahaha.

#17 Neema_Nesi
Habari wote. Naona hamjagusa kulewa bahari, na kwangu ndilo linaloamua urefu.

Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaochafukwa zaidi na mwendo. Walio chini ya miaka 2 ni nadra. Kwa hiyo mdogo wako wa miezi 10 huenda akalala tu, wa miaka 5 na 9 ndio wa kuangalia. Na mwili kwa kawaida huzoea bahari ndani ya siku 2 au 3. Binti yangu alikuwa na miaka 6, tulichukua usiku 3. Siku mbili za kwanza alitapika na kulala. Siku ya tatu asubuhi akaamka anaomba mkate, akaenda kucheza. Kesho yake tukashuka. Yaani tulilipia mateso, sehemu yenye raha hatukuifikia.

Kwa hiyo wazo la "fupi ni salama kama watoto hawaiwezi bahari" kwangu liligeuka. Kama hawaiwezi, fupi ndiyo itakayokupa siku mbaya tupu.

#18 BahariaMstaafu
Nesi, naheshimu kazi yako, lakini kwenye hili nina neno. Si idadi ya siku, ni mahali mnapolala na maji mnayopita. Meli inacheza kama ubao wa bembea: ncha zinapanda na kushuka, katikati pametulia. Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa meli. Kwenye kuchagua kebini ichukueni vile vile ilivyo: chini na katikati. Familia nyingi zinakimbilia deki ya juu kabisa kwa sababu ya mandhari, kisha zinasema bahari ilikuwa mbaya.

Na meli za sasa zina mapezi ya kupunguza kuyumba ubavuni. Yanasaidia sana kwa wimbi la ubavu, kwa wimbi la omo hayasaidii kitu.

#19 Neema_Nesi
Tulikuwa deki ya chini, Baharia. Katikati pia. Alitapika hivyo hivyo.

#20 BahariaMstaafu
Pole sana. Basi kuna miili na miili.

#21 Jabali
Wakuu, mnajadili matapishi wakati kuna jambo la kanuni. Mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi melini. Huyo wa miezi 10 hapandi, uzi umeisha.

#22 Zuhura_M
Si kweli, Jabali. Kampuni nyingi kubwa zinaanzia miezi 6. Miezi 12 inatakiwa kwa safari za kuvuka bahari kuu na zile zenye siku 3 au zaidi mfululizo baharini bila bandari, maana hapo mtoto akiugua hospitali ya nchi kavu iko mbali. Barcelona ile ina siku moja tu ya baharini, Piraeus haina kabisa. Zote mbili kwa kawaida zinamruhusu, ila kila kampuni ina masharti yake, wasome ya kwao kabla ya kulipa.

La kuwaudhi ni bwawa. Mtoto wa nepi haingii bwawani, hata nepi ya kuogelea haimsaidii. Baadhi ya meli zina kona ya maji ya kurukaruka kwa ajili yao, nyingine hazina. Na klabu ya watoto kwa kawaida inaanzia miaka 3, mtoto awe ameshaacha nepi. Mdogo atalelewa na nyinyi usiku na mchana. Hilo mlipime kwa usiku 4 na kwa usiku 7.

#23 Jabali
Sawa, nimerekebishwa. Mimi nilisoma ya safari ya kwenda Hawaii nikadhani ni ya wote.

#24 MamaWatatu
Jamani bwawa! Nilikuwa nimeshamnunulia nguo ya kuogelea yenye masikio ya sungura.

Mnaona sasa? Wakubwa watakuwa klabu, bibi atakuwa amepumzika, mume atakuwa juu anapunga upepo. Nani atakuwa na mtoto siku 7? Mimi.

#25 BabaWatatu
Salaam. Mimi ndiye mume anayesemwa humu. Nimejiandikisha leo kwa ajili ya uzi huu tu.

Sing'ang'anii Barcelona kwa ajili ya Barcelona. Kazi yangu natoka watoto hawajaamka, narudi wamelala. Wa miaka 9 ananisalimia kama mgeni wa baba yake. Likizo zetu zote zimekuwa za siku tatu nne, na kila mara imekuwa hivi: siku ya kwanza bado nasoma ujumbe wa ofisini, ya pili nalala, ya tatu naanza kuwa mtu, ya nne tunafunga mabegi. Nataka siku ya tano na ya sita. Sijawahi kuzipata.

Na mtoto nitambeba mimi. Naandika hapa mbele ya watu.

#26 NangaJuu
Shemeji karibu. Hiyo ya mwisho nimeipiga picha nikaihifadhi.

#27 Kipepeo
Shemeji kaongea hadi nimeguswa. Nabadilisha kura: usiku 7.

#28 Halima_wa_Nne
Kipepeo usikimbie upesi. Mimi nina watoto wanne na nimefanya usiku 10 Mediterania. Siku ya tano na ya sita ambazo shemeji anazitamani, kwetu ndizo zilizotuletea ugomvi.

Ratiba ilikuwa bandari, bandari, bandari. Watu wanasoma "Roma" kwenye ratiba, hawajui meli inafunga Civitavecchia, na Roma iko kama kilomita 70 kutoka hapo. "Florence" ni Livorno, kisha kama kilomita 90. Ili uione Roma mnaamka saa 12 asubuhi, treni, jua, foleni, treni tena, na macho kwenye saa kwa sababu meli haingoji mtu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya sita mtoto wangu wa tatu alikaa chini katikati ya barabara akasema hatembei tena maisha yake yote. Nikakaa naye.

Kwa hiyo sikubali kwamba ndefu inapumzisha. Kinachopumzisha ni siku za baharini. Shemeji ana usiku 7 wenye siku moja tu ya baharini. Dada ana usiku 4 usio nayo hata moja. Wote wawili mmechagua safari za kuchosha, mnabishana urefu tu.

#29 MzeeWaSitaha
Hapo Halima amegusa penyewe. Ila nani amekulazimisha kushuka kila bandari? Sisi Livorno hatukushuka. Meli ilikuwa tupu, bwawa letu, bafe haina foleni, watoto waliteleza bomba la maji hadi wakachoka wenyewe.

#30 Halima_wa_Nne
Kweli Mzee, sasa najua. Wakati ule niliona nimelipia Florence, nitaachaje kuiona? Kwenye safari fupi hilo ni gumu zaidi kuliacha, unaona kila bandari ni ya mwisho.

#31 Tumaini_K
Jamani niongeze sababu ambayo hamjaisema: marafiki. Watoto wangu wana miaka 8 na 11. Klabu siku ya kwanza walikataa kuingia, ya pili waliingia wakakaa ukutani, ya tatu wakapata wenzao. Kwenye usiku 4 mwanangu alilia kushuka kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amepata rafiki, hawakuongea lugha moja lakini walielewana kwa mpira. Mwaka uliofuata tulichukua 7 na hatukuwaona watoto hadi saa ya chakula. Mimi nadhani wala si mwili kuzoea bahari kama alivyosema Nesi, ni mtoto kuzoea watoto.

#32 Neema_Nesi
Zinaweza kuwa zote mbili, Tumaini. Mtoto anayechafukwa hatafuti rafiki.

#33 Msafiri88
Na abiria wenyewe ni tofauti. Fupi za mwisho wa wiki zina vijana wengi wa kusherehekea, muziki hadi usiku wa manane. Ndefu zina wazee na familia.

#34 Kuli_wa_Zamani
Inategemea tarehe. Ukipanda Jumatatu ukashuka Ijumaa wakati wa likizo za shule, ni watoto kila kona. Tena ndefu sana, usiku 14 na kuendelea, watoto wanakuwa wachache mno, klabu inaweza kuwa na watoto wa kuhesabu kwa vidole.

#35 Jabali
Swali la ugonjwa. Nasikia kuharisha na kutapika kwa melini kunatokea kwenye safari ndefu ndefu. Si sababu tosha ya kuchukua fupi?

#36 Neema_Nesi
Virusi vinavyosemwa sana ni norovirus. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inatangaza mlipuko kwenye meli iliyo chini ya mpango wake pale abiria au wafanyakazi 3% au zaidi wanaporipoti dalili, kwa safari za kuanzia siku 3 hadi 21. Safari ndefu inatoa siku nyingi za kuambukizana hadi kiwango kifike. Kwenye fupi mtu anaweza kuambukizwa siku ya mwisho akaugulia nyumbani, asiripotiwe popote. Kwa hiyo ukiona ndefu nyingi kwenye orodha, usidhani fupi ni safi.

Kinga ni maji na sabuni kabla ya kula. Jeli ya mikono peke yake haiviui virusi hivyo vizuri. Watoto wafundisheni hivyo kabla ya bafe.

#37 Rehema_22
Naomba kudandia uzi. Mimi ni mjamzito, siku ya kupanda nitakuwa na wiki 22. Familia inataka usiku 14. Nimeambiwa sitapanda. Kweli?

#38 Zuhura_M
Kweli, Rehema. Kampuni nyingi hazimpandishi mama atakayefikia wiki ya 24 wakati wowote kabla safari haijaisha. Hawaangalii siku ya kupanda peke yake. Wiki 22 ukiongeza usiku 14 ni 24, unakataliwa. Ukiongeza usiku 4 bado uko ndani. Utahitaji barua ya daktari. Hongera na safari njema.

#39 Rehema_22
Asante sana. Hapo fupi imeshinda kwangu.

#40 Msafiri88
Turudi kwa mleta uzi. Dada, pasipoti zenu zinahitaji visa? Kama ndiyo, angalieni: ukitoka Ugiriki ukaingia Kusadasi umetoka Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Ukirudi Patmos umeingia mara ya pili. Visa ya kuingia mara moja itakukwamisha. Safari ya shemeji ni Hispania, Ufaransa na Italia, zote Schengen.

#41 MamaWatatu
Hilo sikulijua kabisa! Mbona hakuna aliyeniambia nilipouliza bei?

#42 NangaJuu
Kuhusu zoezi la dharura alilolitaja Mzee #3, kwenye safari fupi naona linakula muda bure. Wangeliweka siku ya pili.

#43 BahariaMstaafu
Hapana ndugu yangu, na hili naomba ulisome kwa makini. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, jioni ile ile iliyotoka Civitavecchia. Walikufa watu 32. Mamia ya abiria waliopanda pale Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi, kwa sababu kanuni ya wakati ule iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Kuanzia 2015 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka abiria wapya wafanye zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Safari iwe ya usiku 2 au 20.

Wakubwa wako wa miaka 9 na 5 waonyeshe kituo chao cha kukusanyikia wakati wa dharura, watembee kwa miguu kutoka kebini hadi pale. Na uulize jaketi la uokoaji la mtoto mchanga siku hiyo hiyo, usisubiri.

#44 NangaJuu
Nimekuelewa, Baharia. Naliondoa neno langu.

#45 Tumaini_K
Kwa nini msikutane katikati, usiku 5? Au chukueni fupi mbili mfululizo kwenye meli moja, ya kwanza ikiwa mbaya mnashuka.

#46 MzeeWaSitaha
Fupi mbili mfululizo na mtoto mchanga, siku ya kati mnaweza kuambiwa mshuke mkaguliwe mpande upya, na bandari huenda zikawa zile zile. Usiku 5 ni sawa, lakini zitafute zenye siku moja ya baharini, si bandari tano.

#47 Halima_wa_Nne
Usiku 5 zinaangukia tarehe za ajabu, Jumamosi hadi Alhamisi. Shule je?

#48 MamaWatatu
Wapendwa, nawashukuru sana. Jana usiku tumekaa wote watatu, mama mkwe kasomewa uzi mzima kuanzia wa kwanza. Kacheka sana kwenye punda, kisha kasema jambo ambalo sisi wawili hatukuwahi kumuuliza. Yeye hana haja ya kushuka kila bandari. Anataka kukaa kwenye kiti anatazama maji, na mdogo atabaki naye baadhi ya siku, mradi nisiondoke na maziwa. Kwa hiyo zile siku ambazo nilidhani nitafungwa kebini zimepungua.

Kinachonisumbua bado ni wa miaka 5. Hata kwenye basi anatapika. Nikifuata Nesi, ndefu. Nikifuata woga wangu, fupi. Mume kasema atafuta Livorno na Naples kwenye mpango, tusishuke, ziwe siku za baharini. Santorini mimi nimeshaifuta moyoni kwa ajili ya ngazi.

Tulichokubaliana hadi sasa ni kebini mbili zenye mlango wa ndani, katikati, deki ya chini. Idadi ya usiku bado.

#49 BahariaMstaafu
Vizuri. Ukipewa namba za kebini zilete hapa kabla hujalipa, uangalie na kilicho juu yake. Ikiwa juu kuna ukumbi wa muziki, mtoto halali.

#50 Kipepeo
Nami niko hapa nasubiri namba.